Kasha la Hedifoni kwenye Sanduku la Bi Harusi



Msimu wa harusi ukifika, mazungumzo yetu huwa ni yale yale: kanga doti ngapi, udi wa kutoka wapi, hina atapaka nani, gauni liazimwe au lishonwe. Hayo yana raha yake na in shaa Allah tutaendelea nayo. Lakini leo nakuleteeni kitu ambacho hakimo kwenye orodha ya somo yeyote ninayemjua: kasha la kuhifadhia hedifoni. Nimelishona mwenyewe, kwa cherehani ya mama, kwa ajili ya mdogo wangu aliyeolewa Pemba. Nitakuelezeni nilivyolibuni, vipimo vyake, na kwa nini kitu kidogo kama hiki kiliitisha vikao viwili nyumbani kwetu.

Kazi inayopita masikioni

Mdogo wangu anasomesha watoto Qur'ani kwa simu. Wanafunzi wake ni watoto wa kina mama wa Kizanzibari wanaoishi Oman na Uingereza, ambao hawataki watoto wao wakue bila ya kujua kusoma. Oman wako mbele yetu saa moja. Uingereza wako nyuma saa mbili au tatu, kutegemea majira yao. Kwa hiyo vipindi vyake huanza baada ya alasiri na humalizika baada ya isha.

Kusomesha tajwidi kunataka sikio. Lazima asikie kama mtoto ametamka sini au sadi, na kama ile ha imetoka mahali pake. Spika ya simu huzichanganya sauti hizi. Tena nyumbani kwetu kuna jogoo, kuna watoto, na kuna redio ya jirani. Hedifoni kubwa zinazofunika sikio zima, zenye maikrofoni yake, ndizo ofisi yake. Hana meza, hana kiti cha kuzunguka, hana mlango wenye jina lake. Anazo hizo tu.

Na ofisi hiyo ilikuwa imeshamfia mara mbili. Pea ya kwanza ilikatika bawaba ndani ya mkoba, kwenye daladala, ilipobanwa baina ya vitabu na chupa ya maji. Pea ya pili ilianza kutoa sauti upande mmoja, halafu ikanyamaza kabisa. Kila mara alikaa karibu wiki nzima bila ya kusomesha, na mara ya pili wazazi wawili wakahamishia watoto wao kwa mwalimu mwengine. Hatuwezi kuwalaumu, mtoto akizoea kukosa darasa huacha. Pea ya tatu, nzuri kuliko zote, aliikusanyia pesa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Haikutimiza miezi mitatu, posa ikaja kutoka Wete.

"Akiitwa asisikie?"

Siku tuliyoanza kupanga masanduku, mdogo wangu alizileta hedifoni zake azitie baina ya kanga. Mama akazitoa.

"Mwanangu, unaingia nyumba ya watu na madude haya masikioni? Mkwe wako akikuita usisikie, utaambiwa una kiburi kabla hawajakujua jina."

Shangazi akaongeza kuwa mume ndiye mwenye jukumu la kumlisha mkewe, sasa kazi ya usiku ya nini tena? Mdogo wangu alitizama chini, machozi yanamlenga. Mimi nilinyamaza kwa sababu niliona maneno ya mama yana ukweli ndani yake. Wiki za mwanzo kwa wakwe ni mtihani. Bi harusi hutizamwa anavyotembea, anavyoitika, hata anavyoshika kikombe. Mama hakuwa na ubaya na kazi ya mwanawe, alikuwa akiogopea jina lake.

Lakini na upande wa pili ulikuwa na ukweli wake. Pesa za vipindi vile ndizo zinazomlipia ada ya chuo mdogo wetu wa mwisho. Ndizo zilizonunua mota ya cherehani ya mama mwenyewe. Na dini yetu haikumnyima mwanamke mali yake. Sote tunajua kuwa Surat An-Nisaa, aya ya 4, inaamrisha wanawake wapewe mahari yao, yakawa yao. Sote tumesomeshwa kuwa Bi Khadija, Allah amridhie, alikuwa mfanyabiashara, na Mtume (s.a.w.) alisafiri na bidhaa zake kabla hata hawajaoana. Jukumu la mume kumlisha mke halimzuii mke kuchuma cha halali, mradi wamekubaliana.

Basi kikao cha pili kikawa cha makubaliano. Baba alizungumza na upande wa mume kabla ya siku ya nikaha, kazi ya mdogo wangu ikaelezwa wazi: masaa yake, anasomesha kina nani, na kwamba anapenda kuendelea. Bwana harusi akajibu kupitia kwa mjomba wake kuwa hana tatizo na hilo, ila ana suala moja. Vifaa vyake vitavukaje bahari bila ya kuvunjika? Maana kwao Wete, kupata hedifoni nzuri kama zile si jambo la siku moja.

Suala hilo nililichukua mimi. Mimi ndiye fundi wa nyumba.

Kwanza nilimtafuta adui

Fundi mwenye haraka hukimbilia kitambaa. Mimi nilizitafuta kwanza zile pea mbili zilizokufa, nikazilaza mezani, nikachukua bisibisi ndogo na kuzifungua. Nilitaka zinieleze zimekufa kwa nini. Nilipata maadui wanne.

Wa kwanza ni kubanwa. Hedifoni ni upinde wenye vikombe viwili. Upinde umezoea kupanuka kidogo, lakini haukuumbwa kukandamizwa kutoka ubavuni wala kukunjwa kwa nguvu. Ukiuweka chini ya vitu vizito, nguvu yote huenda kwenye bawaba, na bawaba nyingi ni plastiki nyembamba.

Wa pili ni mkunjo wa waya. Pea ya pili waya wake ulikuwa mzima kwa nje. Ndani yake, pale unapoingia kwenye plagi, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika moja baada ya moja. Ndivyo unavyokuwa waya unaozungushwa kwenye hedifoni na kukazwa kila siku.

Wa tatu ni hewa yetu wenyewe. Kisiwani tuna joto, unyevu na chumvi kwa pamoja. Ile ngozi ya bandia ya mito ya masikio huharibika taratibu ikikaa kwenye unyevunyevu na joto, ikaanza kubambuka vipande vyeusi vinavyoganda shingoni na kwenye mtandio. Khasa masika, kuanzia Machi hadi Mei, kitu kikiwekwa kabatini bila ya hewa huota ukungu.

Wa nne aligunduliwa na mama, na bila ya yeye nisingemuwaza. Alikuwa akipita, akainua kikombe kimoja cha hedifoni, akacheka. "Tizama, pini yangu niliyoitafuta Idi nzima!" Kweli, pini ya mtandio ilikuwa imechomeka kwenye mto wa sikio, ncha yake imeingia ndani. Ndani ya kila kikombe kuna spika ndogo, na ndani ya spika kuna sumaku. Pini zetu nyingi ni za chuma. Ukitia hedifoni kwenye mkoba mmoja na pini, sumaku huzivuta. Na mbele ya sumaku ile kuna utando mwembamba mno, ndio unaotetemeka na kutoa sauti. Pini ikiutoboa, sauti huanza kukwaruza. Fundi aliyezibuni hedifoni hizi huenda hajawahi kufunga mtandio, kwa hiyo hili ni letu sisi kulifikiria.

Kutoka hapo nikajua kasha langu linatakiwa lifanye nini: libebe uzito lenyewe badala ya upinde, liupe waya chumba chake, lizuie maji lakini lisifungie unyevu ndani, na lisiwe na nafasi ya pini hata moja.

Mayai, mchele na meza ya kulia

Hedifoni mpya sikuthubutu kuzifanyia majaribio, kwa hiyo nilitumia mayai. Kila yai nililivisha kifuko safi, nikaliweka mahali ambapo kikombe kingekaa. Yai likipasuka, huenda kwenye kikaango, hakuna israfu.

Nilianza na mfuko mwepesi wa kanga uliotiwa sponji laini, ule tunaouona madukani. Nilijua hautoshi kwa safari, ila nilitaka kuona unashindwa wapi. Nikaweka juu yake mchele kilo 5, na mayai yote mawili yakapasuka. Sponji laini hukinga mikwaruzo tu. Mbele ya uzito hulala yenyewe kwanza.

Jaribio la pili nilitia ukuta mgumu kati ya kitambaa cha nje na cha ndani. Mchele ulikaa juu yake nusu saa, mayai salama. Nikaliangusha kutoka juu ya meza ya kulia. Hapo yai moja likapata ufa, na sababu ilikuwa wazi nilipolifungua: mayai yalikuwa na nafasi ya kugongana. Kasha gumu lenye uwazi ndani ni sawa na manyanga, kilichomo hujipiga chenyewe.

Jaribio la tatu nikaongeza mto mdogo wa sponji katikati, unaojaza nafasi baina ya vikombe viwili. Mto huo ndio siri ya kasha zima. Vikombe huushika kama vinavyoshika kichwa cha mtu, upinde hukaa ukizunguka juu yake bila ya kugusa ukuta, na hakuna kinachocheza. Niliangusha mara tatu, upande mmoja mmoja. Mayai yakatoka mazima, na watoto waliokuwa wakisubiri kukaangiwa wakanuna.

Wakati nikifanya hayo shangazi alikuwa akinicheka, eti nimegeuza meza ya kulia kuwa kiwanda. Nikamwambia hata hedifoni zenyewe zina historia ya jikoni: Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, alizitengeneza hedifoni zake za mwaka 1910 jikoni kwake, na jeshi la majini la nchi hiyo likazinunua. Akasema, "Basi na wewe subiri manowari zije." Tulicheka sote, hata mdogo wangu, ambaye kwa siku kadhaa hakuwa na cheko.

Vipimo na mahitaji

Hedifoni za mdogo wangu zina urefu wa sentimita 19, upana 17 na unene 8. Zako pima mwenyewe, tena zikiwa zimefupishwa upinde hadi mwisho. Kila kipimo ongeza sentimita 2. Kasha lake basi ni 21 kwa 19, kina 10, na umbo lake ni la tao la mlango: chini limenyooka, juu limeviringa.

Ukuta mgumu nilikata kwenye dumu kuukuu la mafuta ya kula. Plastiki yake ni ngumu lakini inapinda bila ya kukatika. Lioshe kwa sabuni na maji ya moto mpaka mafuta yaishe kabisa, ama sivyo yatapenya kwenye kitambaa. Kata vipande viwili vya umbo la tao, cha chini na cha kifuniko. Kisha kata mikanda miwili ya kuzunguka, mmoja wa upana wa sentimita 6 kwa chini, mmoja wa sentimita 4 kwa kifuniko. Kingo zote zipige msasa, maana plastiki iliyokatwa hukata kitambaa na hukata kidole.

Ndani kaa na sponji ngumu ya milimita 5, jamii ya ile inayotengenezewa malapa. Juu ya sponji weka kitambaa laini kisichotoa nyuzi. Nje nilitumia turubai jepesi linalokataa maji, rangi ya maziwa. Rangi nyeusi ingeficha uchafu, lakini nyeusi juani huwa jiko.

Usijaribu kushona plastiki kwa cherehani, utavunja sindano na kuumiza jicho. Shona kitambaa cha nje na cha ndani kama foronya, uache mdomo wazi, ingiza plastiki na sponji, halafu ziba mdomo kwa mkono. Faida yake nyengine, plastiki ikipasuka unafumua upande mmoja na kubadilisha. Kwa turubai nilitumia sindano nambari 16 na uzi wa polista, kwa sababu uzi wa pamba huoza haraka kwenye unyevu.

Zipu ni ya meno ya nailoni, sentimita 55, inayozunguka pande zote isipokuwa chini palipo na bawaba ya kitambaa. Zipu ya meno ya chuma ni nzuri kwa macho, lakini kwa hewa ya bahari yetu haichelewi kukwama.

Ndani ya kifuniko nilishona mfuko mmoja mpana wa waya. Waya uukunje kwa duara kubwa, kama unavyoukunja mkono wako kwa ulegevu, usiukaze, na usiuzungushe kwenye hedifoni. Pembeni kuna mfuko mdogo wa vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vinavyonyonya unyevu. Vibadilishe kila baada ya muda, maana vikishashiba havinyonyi tena. Mchele usitumie, unaacha vumbi.

Dumu lilikuwa la bure. Zipu, sponji, turubai na uzi havikufika shilingi 15,000.

Somo akalitia mkono

Kasha lilipokamilika nililiweka mezani. Somo wa mdogo wangu alikuwepo siku ile, amekuja kwa mambo yake na bi harusi wake. Ni mwanamke mtu mzima, ameshawaweka ndani mabinti wengi, na hana haraka ya kusifu. Alilishika, akaligeuza, akalifungua na kulifunga mara mbili.

"Linafunguka kwa mkono mmoja?" akauliza. Halikufunguka. "Basi litie kishikio kwenye zipu. Mwanamke mkono wake mmoja daima una kitu. Leo ana kikombe, kesho in shaa Allah atakuwa na mtoto."

Nikashona kishikio kirefu cha utepe, kinachoshikika hata gizani.

Halafu akamgeukia mama, ambaye alikuwa bado hajasema neno. "Tatizo lako wewe ni kuitwa na kutosikia, siyo? Sasa hili kasha lifanye mlango. Mwanangu, ukiwa unasomesha, liweke wazi mahali wanapoliona. Kasha wazi, uko darasani. Kasha limefungwa, uko nao. Na siku ya kwanza tu mwambie mkwe wako kwa mdomo wako, kwa adabu, hata likiwa wazi, akikuhitaji aje akuguse bega. Ataona umemuweka mbele."

Sijui mnaelewa alichokifanya yule bibi. Mimi kwa wiki nzima nilikuwa nikiikinga hedifoni na watu. Yeye kwa maneno mawili aliwakinga watu na hedifoni. Kitu kinachoziba masikio kinaweza kumfanya mtu awepo nyumbani na asiwepo, na wenzake wasijue lini yupo. Kasha likawa jibu la hofu ya mama. Nilirudi kwenye cherehani mara moja tu, nikashona kipande cha utepe wa kunata nyuma ya kifuniko, ili kikifunguliwa kisimame wima na kuonekana kutoka mlangoni.

Mama aliondoka bila ya kujibu, tukadhani amekasirika. Alirudi na kipande cha kisutu, chekundu na cheusi, kilichobaki kwenye doti yake ya harusi. "Turubai hili linafanana na gunia," akasema. "Livishe." Basi nikashona foronya ya kisutu inayovuliwa na kufuliwa, na kasha likaingia sandukuni baina ya kanga na chupa za manukato, mahali pale pale palipotolewa hedifoni.

Lilivyovuka

Walivuka kwa boti kutoka Malindi hadi Mkoani siku ya upepo, kisha gari hadi Wete. Mizigo ilirundikwa kama kawaida, sanduku lake likawa chini ya masanduku mengine, na kina mama nyuma yangu wakitapika. Mimi niliyemsindikiza nilikuwa na kazi ya kuomba dua mbili, ya harusi na ya bawaba. Tulipofika alifungua zipu kwa mkono mmoja, mwengine ameshika kikombe cha chai. Akazivaa, akampigia simu mmoja wa wazazi, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa furaha. Zilikuwa nzima, sauti pande zote mbili.

Siku chache baada ya fungate alianza tena vipindi. Mwanafunzi hakupotea hata mmoja. Anasema mkwe wake sasa ndiye mlinzi wa darasa: akiona kasha limesimama wazi, huwafukuza watoto barazani. Na jioni moja alikuja akaketi pembeni, akasikiliza mtoto wa London akisoma Surat Al-Fatiha, akasema, "Huyu sadi yake bado." Mdogo wangu akacheka, kwa sababu na yeye alikuwa ameisikia.

Machache ya kukuachieni

Kwa anayetaka kushona la kwake, au la kumtunza bi harusi, nina mambo matano.

Hedifoni zikitoka kichwani zifute kwa kitambaa kikavu, ziache dakika kumi zipate hewa, ndipo uzitie kashani. Ukizifunga na jasho lake, kasha linakuwa chungu cha kupikia ukungu.

Mito ya masikio ivishe soksi za kitambaa cha pamba, mtandio kuukuu unatosha, na uzifue kila wiki. Mafuta ya nywele na manukato ndiyo yanayoimaliza ile ngozi ya bandia.

Foronya ya kasha ifukize udi upendavyo, lakini ivue kwanza. Moshi wa udi una utomvu, na utomvu ukiingia kwenye spika hautoki.

Kama hedifoni zako zina betri, usiziache juani wala ndani ya gari lililofungwa. Na mnaoolewa Muscat au mbali zaidi, zishikeni mkononi ndani ya ndege, msizitie kwenye masanduku ya chini.

La mwisho si la kushona. Kama una kazi yako ya halali, iseme mapema, kabla ya nikaha, kupitia kwa wazee wako na kwa lugha nzuri. Usiifiche sandukuni chini ya kanga ukitegemea mume ataizoea akiikuta. Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari, na tahadhari ya bi harusi huanza kwa maneno. Kasha linaweza kukinga bawaba na waya, lakini makubaliano yenu ndiyo yatakayoikinga kazi yenyewe.

Allah awajaalie mabibi harusi wetu wote nyumba zenye utulivu, mapenzi na rehema, na awape wakwe wenye kujua lini kasha liko wazi. Ukishona la kwako, anza na mayai.

Wabillahi tawfiq.